Nilipompelekea Mbwa Herufi Yake

Kwa kuwa mwenzangu anayefundisha Hisabati amekwisha kusambaza masimulizi yake kuhusu yaliyonipata jana jioni, na kwa kuwa katika masimulizi hayo nimepanda mwarubaini, nimepoteza viatu vyote viwili na nimekimbizwa na mbwa mchanga ambaye bado ananyonya, naona nina haki ya kusikilizwa. Pale langoni hapana mwarubaini. Kiatu kilichobaki nyuma ni kimoja. Na mbwa yule alikuwa mbwa kamili, mwenye kifua na mwenye nia.

Chanzo cha yote ni kazi ya nyumbani. Niliwapa wanafunzi wangu wa Gredi ya 8 watunge sentensi kwa kutumia kivumishi -kali, nikiamini kwamba hakuna mtoto wa Kahawa West asiyekifahamu: mama ni mkali, makanga ni mkali, na kila kukicha kiongozi fulani redioni huahidi hatua kali za kisheria. Isitoshe, ni kivumishi kinachobadilika vizuri kwa kufuata ngeli, ukapata kisu kikali, visu vikali, meno makali na mteremko mkali. Wengi walianza kwa sentensi iliyonihusu mimi, nami nikazipitisha bila kinyongo. Tatizo lilikuwa kijana mmoja wa dawati la nyuma aliyeandika, "Jirani yetu ana mbwa kali." Nikaikata kwa kalamu nyekundu.

Kijana akainua mkono. "Mwalimu, langoni kwa jirani huyo pameandikwa hivyo hivyo, tena kwa rangi ya mafuta."

Darasa zima likamuunga mkono, na kwa kweli ninyi nyote mnaopita mitaa ya Nairobi mnajua kwamba malango mengi yana maandishi hayo. Nikaeleza kwa utaratibu kwamba sikio limezoea jua kali, njaa kali, dawa kali na pilipili kali, na kwa kuwa neno mbwa halibadiliki katika wingi, watu hulichukulia kuwa la ngeli ya I-ZI pamoja na hizo dawa na pilipili; lakini mbwa ana uhai, naye kiumbe mwenye uhai huingia A-WA, kwa hiyo ni mbwa mkali, na wakiwa wengi ni mbwa wakali. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa, mwalimu, mbona hujawaambia wenyewe?"

Jioni nilipokuwa nikirudi nyumbani na yule mwenzangu wa Hisabati, huku kundi la wanafunzi likitufuata, tukafika penye lango hilo. HATARI! MBWA KALI. Fundi wa rangi alikuwa ameacha kati ya maneno yale mawili nafasi pana mno, kana kwamba yeye mwenyewe alishuku kuna kitu kimepungua. Mfukoni mwa koti nilikuwa na kipande cha chaki. (Walimu wenzangu, mnajua kwamba chaki haimwishi mwalimu mfukoni hata koti likifuliwa.) Naomba pia lieleweke kwamba nilibisha hodi kwanza, tena kwa sauti, na hakuna aliyeitika, hata mbwa.

Niliegemeza mkono wa kushoto kwenye bati na kuuteremsha mguu wa kwanza wa herufi M. Chaki ilitoa mlio mwembamba wa kuudhi meno. Nyuma yangu wanafunzi wakanyamaza kabisa, nami nikadhani wamevutiwa na upatanisho wa kisarufi. Nikachora mstari wa pili, ule unaoshuka kwa mshazari. Hapo ndipo nilipoona pua ikijitokeza katika uwazi ulio kati ya lango na ardhi. Ilikuwa pua peke yake, nyeusi, yenye unyevu, na ilikuwa ikinusa kiatu changu cha kulia kwa utulivu wa karani anayekagua stakabadhi. Nikachora mstari wa tatu. Ningeweza kuondoka wakati huo, na mnaoniuliza kwa nini sikuondoka mtazame kwanza umbo la herufi yenyewe: M iliyokatizwa kwenye mstari wa tatu ni N, na mimi, mwalimu wa Kiswahili mwenye shahada, singeweza kuacha langoni pa watu maneno "mbwa nkali" yakisomeka mbele ya darasa langu. Nikauteremsha mguu wa mwisho. Pua ikatoweka. Nikarudi hatua moja ili niitazame kazi yangu, na katika hatua hiyo nikagundua kwamba kilango kidogo cha kupitia watu kilikuwa kimerudishiwa tu, bila kutiwa komeo, na kwamba kilikuwa kinafunguka polepole kutoka ndani.

Mwenzangu wa Hisabati alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya umbali na kuondoka. Mbwa alinitazama. Nilimtazama. Nikamwambia, "Hujambo," kwa sauti ya kiungwana ambayo huitumia kwa wakaguzi.

Hakujibu salamu. Nakumbuka mlio mmoja mkubwa, kisha nakumbuka mkokoteni wa muuza maji uliokuwa umeegeshwa kando ya barabara, kisha nakumbuka niko juu ya mitungi, nikiwa na kiatu kimoja na chaki bado mkononi. Mwenzangu anadai kwamba nikiwa huko juu nilikuwa nikitoa methali. Laiti ingekuwa methali. Sauti iliyonitoka, na ambayo kwa maelezo ya wengi ilifika hadi stejini, ilisema, "Mbwa kali! Jamani, mbwa kali!" Na sikuisema mara moja.

Wanafunzi walitazamana. Kisha yule kijana wa dawati la nyuma akasogea karibu kadiri usalama ulivyoruhusu na kusema, kwa heshima yote anayostahili mtu mzima aliyesimama juu ya mitungi, "Mwalimu, ni mbwa mkali."

Yaliyofuata hayana urefu. Mama mwenye nyumba alitoka amejifunga leso, akamwita mbwa kwa jina, mbwa akalala chini, na mama akataka kujua ni nani aliyemchafulia lango. Muuza maji alidai fidia ya mitungi iliyomwagika, nikalipa. Zahanati nilidungwa sindano ya pepopunda, kwa sababu msumari wa mkokoteni ulikuwa umenichubua muundi; muuguzi alipouliza kuhusu mbwa nilikiri kwamba hakunigusa kabisa. Kiatu kililetwa shuleni asubuhi ndani ya mfuko, na aliyekileta hakujitaja.

Madaftari nayo yaliletwa. Kijana alikuwa amesahihisha kama nilivyoagiza: "Mwalimu alipomwona mbwa mkali alipiga ukelele mkali, akapata aibu kali." Niliikagua sentensi hiyo kwa muda usiokuwa wa kawaida, nikitafuta kosa la ngeli, la tahajia au hata la koma. Ilinibidi niitie alama ya vyema, na chini yake nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Vizuri sana. Usiisome kwa sauti darasani."