Uzuri "wa asili" wa Hollywood ya zamani ulitoka kiwandani

Hoja hii tumeizoea: waigizaji wa Hollywood ya zamani walikuwa wazuri kwa kuzaliwa, hawa wa leo ni kazi ya visu, sindano na filta za simu. Anayeitoa mara nyingi hukuonyesha picha ya Rita Hayworth. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nami nitaufikia, lakini kwa ushahidi amekosea mtu.

Hayworth alizaliwa New York mwaka 1918 akiitwa Margarita Carmen Cansino, binti wa mcheza dansi kutoka Hispania. Nywele zake zilikuwa nyeusi, na zilianzia chini sana kwenye paji la uso. Kwa sura hiyo na jina hilo, sinema zake za mwanzo zilimpa nafasi za pembeni: leo Mmisri, kesho Mmeksiko, keshokutwa mcheza ngoma wa baa. Alipoingia studio ya Columbia mwaka 1937, mkuu wa studio Harry Cohn hakulitaka jina la Cansino, naye binti akachukua jina la ukoo wa upande wa mama. Nywele zikatiwa rangi nyekundu. Kisha wakalifikia paji la uso. Sindano nyembamba iliingizwa kwenye tundu la unywele, umeme ukapitishwa hadi mzizi ukafa, halafu unywele wa pili, halafu wa tatu, kikao baada ya kikao, mpaka paji likapanuka. Picha yake iliyotoka katika jarida la Life mwaka 1941, ile ambayo wanajeshi wa Marekani walikwenda nayo vitani, ni ya mwanamke aliyekwisha kupitishwa katika kazi hiyo yote.

Maumivu yenyewe yanatosha kumtia mtu simanzi, lakini mimi nasumbuliwa zaidi na kile kilichokuwa kikifutwa. Damu ilikuwa ileile na kipaji kilekile. Kilichobadilika ni kwamba asili yake ya Kihispania haikuonekana tena, na ghafla akawa anafaa kuwa nyota.

Je, angeweza kukataa? Mikataba ya studio ilikuwa ya miaka saba. Aliyegoma kucheza sinema aliyopangiwa alisimamishwa bila mshahara, na muda huo ukaongezwa mwishoni mwa mkataba, hadi mwigizaji Olivia de Havilland alipoishinda studio yake, Warner Bros., mahakamani mwaka 1944. Mwigizaji na mwimbaji Judy Garland aliingia studio ya MGM akiwa na miaka 13. Akanyimwa chakula ili asinenepe, akazoeshwa vidonge, na vidonge ndivyo vilivyomuua London mwaka 1969, akiwa na miaka 47.

Lena Horne, mwimbaji mweusi, aliingia MGM mwaka 1942. Vipande vyake vilipangwa peke yake ndani ya sinema ili majumba ya sinema ya Kusini mwa Marekani, yasiyotaka kumwonyesha mtu mweusi, yaweze kuvikata bila hadithi kuharibika. Mwenyewe alisimulia kwamba studio ilitengenezewa poda ya kumkoza rangi, na baadaye poda hiyohiyo ikapakwa waigizaji weupe ili wacheze nafasi za machotara. Katika Show Boat ya mwaka 1951 nafasi ya aina hiyo ilikwenda kwa Ava Gardner.

Sasa mlinganishe Hayworth na Lupita Nyong'o. Mwaka 2017 toleo la Uingereza la jarida la Grazia lilimweka jaladani baada ya kufuta sehemu ya nywele zake na kulainisha zilizobaki. Ni zilezile nywele, na ni lilelile wazo kwamba kichwa cha mwanamke hakifai mpaka kifanane na cha Mzungu. Lakini Lupita aliweka hadharani picha zilivyokuwa kabla ya kuguswa na kueleza kosa liko wapi, na jarida pamoja na mpiga picha wakaomba radhi. Miaka mitatu kabla yake, katika hotuba mwaka alioshinda Oscar, alisimulia jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke akiwa mweupe, mpaka alipomwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa. Akasoma pia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaghairi baada ya kumwona yeye. Hapa kwetu, ambako mkorogo umeharibu nyuso nyingi, barua hiyo haihitaji maelezo.

Wanaoilaumu leo wana hoja moja nzito, na siipuuzi. Zamani sindano ya umeme ilikuwa ya nyota wachache. Wapo wanawake waliochoma nywele zao kwa dawa wakimwiga Jean Harlow, nyota wa nywele zilizopaushwa, lakini walijua yule ni mtu wa sinema. Filta ya simu inamlinganisha binti na rafiki yake wa darasani, na tena na uso wake mwenyewe uliorekebishwa, kila siku, bila studio yoyote kumlazimisha. Mzigo umegawanywa kwa watu wengi zaidi, na walioupokea wengi ni watoto. Hilo ni baya kuliko lolote alilolifanya Harry Cohn kwa idadi ya watu, ingawa si kwa ukatili.

Hata ushindi wa Lupita una mpaka wake. Waliofuta nywele zake hawakuona kosa mpaka walipoambiwa, na aliyewaambia alikuwa na Oscar. Mwigizaji mchanga akikuta zake zimefutwa vivyo hivyo, bado atapima kwanza kama akilalamika ataitwa kwa kazi ya pili.