Kusubiri majibu ya jeni au kuanza tiba leo?

Mgonjwa hajawahi kuvuta sigara. Biopsi, yaani kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe, imeonyesha adenokasinoma ya mapafu (aina ya saratani) iliyosambaa, na majibu ya kipimo cha jeni za uvimbe huweza kuchukua wiki mbili au tatu.

Wanaotaka tiba ianze mara moja wana hoja nzito. Anayehema kwa shida leo huenda baada ya wiki tatu asiweze kustahimili dawa yoyote. Tena kipimo chenyewe hukwama: kipande kikiwa kidogo mno, kikikaa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) zaidi ya saa 48, au kikitoka kwenye mfupa uliolainishwa kwa asidi kali, DNA hukatikakatika.

Hata hivyo, kwa asiyevuta sigara, mwenye hali tulivu asubiri. Kwake uwezekano wa kukuta badiliko kwenye jeni za EGFR, ALK, ROS1 au RET ni mkubwa kuliko kwa mvutaji, na jibu hubadilisha dawa kabisa. Mwenye sehemu iliyokatika kwenye eksoni 19 (kipande kimojawapo) ya EGFR, au badiliko la jeni hiyo liitwalo L858R, humeza osimertinib, dawa inayolenga EGFR, mg 80 mara moja kwa siku. Katika utafiti wa FLAURA, nusu ya waliopewa dawa hiyo walifikisha miezi 18.9 kabla ugonjwa haujasonga mbele au kuua. Kwa gefitinib au erlotinib, dawa za EGFR zilizotangulia, ilikuwa miezi 10.2.

Kinachotisha zaidi ni haraka ya kuanza imunotherapi (tiba inayoamsha kinga ya mwili) kwa kuwa PD-L1, protini inayopimwa kwenye uvimbe ili kuchagua tiba hiyo, imetoka juu. PD-L1 ya juu haiondoi uwezekano wa badiliko la EGFR. Uvimbe wenye badiliko la EGFR au ALK huitikia tiba hiyo kwa unyonge, nayo hukaa mwilini kwa miezi. Osimertinib ikifuata upesi, hasa ndani ya miezi mitatu, mapafu huweza kuvimba vibaya.

Asiyeweza kusubiri apewe mzunguko wa kwanza wa kemotherapi peke yake, platini na pemetrexed. Asidi ya foliki na vitamini B12 zinazotangulia pemetrexed zianzishwe siku biopsi inapothibitisha saratani, si baada ya vikao vya madaktari. Damu ya kutafuta DNA ya uvimbe itolewe kabla ya dripu, maana kemotherapi huipunguza. Damu ikionyesha badiliko linalojulikana, dawa lengwa ianze. Isipoonyesha kitu, suala halijafungwa: baadhi ya uvimbe humwaga DNA kidogo sana. Hapo nyama ya biopsi ndiyo ya kuamua, na RNA yake (nakala ya jeni zinazofanya kazi) ipimwe pia, kwa sababu baadhi ya miunganiko ya jeni (jeni mbili zilizoshikana) hupita bila kuonekana kwenye DNA.