Maji Yatakatika Alhamisi, Saa Tatu Hadi Saa Kumi na Moja

Jumatatu jioni nilirudi kutoka kazini nikakuta karatasi imebandikwa ndani ya lifti ya jengo letu hapa Taichung, Taiwan. Kichina nakisoma kwa kujikongoja hadi leo, lakini ile niliimaliza kabla lifti haijafika ghorofa ya sita. Bomba la mtaa linabadilishwa. Maji yatakatika Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mitaa itakayoguswa ni hii. Mwenye swali apige namba hii.

Jumatano usiku nikakinga. Ndoo mbili, beseni, sufuria, na kila chupa iliyokuwa tupu. Alhamisi nilikuwa na zamu ya usiku, kwa hiyo mchana ulikuwa wa kulala. Saa tatu na dakika chache bomba likakoroma, likakauka, nami nikapanda kitandani. Nililiacha wazi na beseni chini yake, mazoea ya nyumbani. Saa kumi na dakika ishirini likaniamsha. Maji yalitoka yenye rangi ya chai, halafu yakasafika. Dakika arobaini kabla ya muda walioandika. Nilisimama mbele ya sinki, donge limenikaa kooni, mpaka mke wangu akaja kuuliza kama kuna habari mbaya kutoka nyumbani.

Hakukuwa na habari yoyote. Nilikuwa namfikiria mama.

Mama yangu ana miaka 67. Anaishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, milima ambayo maji yake yananywewa mpaka Dar es Salaam. Usingizi wake si wa mtu aliyefikia umri wa kupumzika. Ametega ndoo ya bati chini ya bomba la uani ili tone la kwanza lipige bati na kumwamsha. Siku nyingine ni saa nane usiku, siku nyingine saa kumi, siku nyingine kunakucha kimya. Hamhitaji niwaeleze. Mlio wa ndoo hiyo mnaujua.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba nimekaa ughaibuni miaka kadhaa nimeanza kuidharau nchi iliyonisomesha, kwamba kila anayepanda ndege anarudi na hotuba. Binamu yangu alishaniambia hivyo mbele ya familia nzima, na mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo niseme mapema: sizungumzii maghorofa. Sizungumzii treni yao inayokimbia kilomita 300 kwa saa kati ya Taipei na Kaohsiung tangu mwaka 2007. Na sisi tumepata yetu. Nilipokuja likizo niliipanda kutoka Dar hadi Dodoma, nikakaa dirishani muda wote, na nilijivuna kwelikweli. Sizungumzii hata siasa. Msimamo wa nchi yetu kuhusu kisiwa hiki naujua tangu kura ile ya Umoja wa Mataifa ya 1971, iliyoipa Beijing kiti badala ya Taiwan. Viza yangu ilibidi niifuatilie kupitia Afrika Kusini. Hayo yana wenyewe. Mimi nazungumzia karatasi ya kwenye lifti.

Wengi huko nyumbani wanadhani watu hawa walibahatika. Tazameni ardhi yenyewe. Taiwan ina kilomita za mraba kama 36,000, yaani nusu ya mkoa wa Morogoro, na ndani yake kuna watu milioni 23. Sisi mkoa mzima sensa ya 2022 ilitukuta milioni 3.2. Na hiyo nusu yenyewe sehemu kubwa ni milima: vilele vinavyozidi mita 3,000 viko zaidi ya 200, na kirefu kuliko vyote, Yushan, kina mita 3,952. Watu, mashamba na viwanda vimebanana kwenye ukanda wa magharibi. Mvua ni nyingi, kama milimita 2,500 kwa mwaka, lakini sehemu kubwa inakuja na tufani, inaangukia miteremko mikali, na mito ni mifupi mno. Maji yanawahi baharini kabla hayajamfaa mtu, na yakipita yanajaza udongo kwenye mabwawa. Mtu wa Morogoro anayelijua bwawa la Mindu anaelewa ninachosema.

Juu ya hayo ardhi inatikisika. Septemba 21, 1999 walikufa watu zaidi ya 2,400 katika tetemeko ambalo kitovu chake hakikuwa mbali na hapa ninapokaa. Mwaka 2009 tufani Morakot ilimwaga milimani zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa siku chache tu, mlima ukaporomoka ukakifukia kijiji cha Xiaolin na watu wake. Na zaidi ya asilimia 95 ya nishati yao inaletwa kwa meli.

Sisi tuna Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa. Tuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Bwawa la Nyerere pale Rufiji lina megawati 2,115, na Taiwan nzima hakuna kituo cha umeme wa maji kinacholifikia. Kikubwa chao, Mingtan, kina kama 1,600. Siku moja nilimwambia msimamizi wangu kiwandani, hakuamini. Akatafuta kwenye simu, akakuta ni kweli, akawaita na wenzake waone. Siku ile nilitembea kichwa juu. Nikatoka kazini nikampigia mama nimsimulie, simu haipatikani. Nilipompata kesho yake akaniambia umeme ulikatika tangu asubuhi, chaji ikaisha.

Msinielewe kwamba huku mgao haupo. Mwaka 2020 hakuna tufani hata moja iliyotua kisiwani, na mabwawa yakakauka kuliko ilivyowahi kuonekana kwa zaidi ya nusu karne. Ziwa Sun Moon, ambako watalii hupanda boti, likabaki udongo wenye nyufa kwenye kingo zake. Aprili 6, 2021 Taichung, Miaoli na sehemu ya Changhua tukaingia kwenye mgao: siku tano maji, siku mbili hakuna. Ndiyo, mgao uleule mnaoujua. Lakini ulikuja na ramani. Eneo liligawanywa makundi mawili, na kila nyumba ikajua siku zake mbili. Nilizibandika kwenye friji, na mpaka mvua ziliporudi mwezi Juni na mgao ukaondolewa, sikumbuki siku ambayo friji na bomba vilipishana.

Wakati huo nilikuwa nakaa na wanafunzi watatu wenyeji. Jengo lilikuwa na tenki juu ya paa kama majengo mengi ya hapa, lakini walihangaika kana kwamba tumeingia vitani, maana hawakuwahi kufungua bomba likakosa maji. Mimi ndiye niliyewafundisha. Maji ya kuoshea mchele yanaanzia vyombo. Ya kufulia yanamalizikia chooni. Ndoo moja na kopo vinawaogesha watu wawili vizuri kabisa. Walinisikiliza kama mwalimu, na nilifurahi, kwa sababu hiyo ni elimu ya mama yangu na ni elimu kubwa. Usiku nikalala nikiwaza kwa nini mama alilazimika kuwa bingwa wa elimu hiyo, na bado anaisoma kila siku.

Na sitawaficha lililo baya. Ukame ule haukuwaumiza wote sawa. Tangu vuli ya 2020 wakulima wa mpunga katika maeneo kadhaa walifungiwa maji ya kumwagilia, wengine mpunga ukiwa umeshakua shambani, wakalipwa fidia, huku viwanda vya chipu za kompyuta vya Hsinchu vikiendelea kufanya kazi na vingine vikiletewa maji kwa malori. Wakulima walilalamika na walikuwa na haki. Hilo silitetei.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha raha hasa, nacho ni kazi. Kiwanda changu kina watu arobaini. Tunatengeneza shafti za mashine za kuchonga chuma. Dunia inazijua chipu za kisiwa hiki, lakini Taichung na vitongoji vyake vimejaa karakana za chuma, maelfu, nyingi za familia: baba yuko kwenye mashine, mama yuko kwenye daftari la hesabu. Huyu anatengeneza skrubu tu, yule gia tu, mwingine kazi yake ni kupaka rangi. Zinaishi kwa ahadi. Shafti mia mbili Ijumaa saa nne asubuhi, maana anayezipokea naye ameshamwahidi mwingine. Mnyororo wote huo unamtegemea mtu wa mwanzo kujua kama Alhamisi ana umeme na maji au hana. Akijua tangu Jumatatu kwamba hana, anafanya kazi ya ziada Jumatano usiku au anaomba siku moja kwa mteja mapema. Maisha yanaendelea, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea pale Msamvu, Morogoro. Nawaapia, kwa mikono hawa ninaofanya nao kazi hawamshindi. Mpe picha ya geti kwenye simu, atakutolea lilelile na kulizidi. Lakini anapokuahidi Ijumaa anabahatisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia Alhamisi umeme utakuwepo au la. Ijumaa unafika, geti halijaisha, unaondoka unasema mafundi ni waongo. Nchi nzima tunasema hivyo, tumeigeuza kuwa mzaha: fundi cherehani muongo, fundi gereji muongo, fundi geti muongo. Nauliza kwa uchungu: yeye nani alimwambia ukweli kwanza? Anakaa kwenye kiti cha plastiki, nondo ziko tayari, mashine iko tayari, anaangalia taa ya jirani kama imewaka. Amekaa hivyo miaka ishirini. Saa zile zote zimekwenda wapi?

Kuna atakayesema Wajapani ndio waliowajengea. Ni kweli walitawala kuanzia 1895 hadi 1945, na bwawa la Wushantou lililokamilika 1930 linamwagilia mashamba mpaka leo. Kuna atakayesema msaada wa Marekani. Kweli pia, ulikuwepo mpaka 1965. Mwingine atasema huo ulikuwa udikteta, na huyo namheshimu zaidi, kwa sababu sheria ya kijeshi ilidumu tangu 1949 hadi 1987, watu waliuawa na wengine wakaozea magerezani, na wapo wazee hapa ambao bado wakizitaja siku zile wanashusha sauti. Sitaki tupite huko. Lakini karatasi, gundi na mtu wa kuibandika vinahitaji mkoloni gani? Vinahitaji mkopo wa nani?

Mtasema kisiwa ni kidogo, ni rahisi. Haya, tuanze na mtaa mmoja, maana mtaa ni mdogo kuliko Taiwan. Kwetu akifariki mtu, nusu saa haijapita mtaa wote unajua, turubai linafungwa, na kila mtu anajua mazishi ni saa ngapi na michango inapelekwa kwa nani. Anayetuita watu tusioweza kupanga mambo hajawahi kuuona msiba wetu. Tunaweza. Tunaweza vizuri kuliko hawa, ambao jirani yangu wa mlango wa pili sijalijua jina lake mpaka leo. Ndiyo maana nakasirika.

Na hawa nao wanakosea. Agosti 15, 2017 gesi ilikatika dakika mbili kwenye kituo cha umeme cha Tatan, mamilioni ya wateja wakabaki gizani, na waziri wa uchumi akaomba kujiuzulu usiku uleule. Aprili 3, 2024, asubuhi ya tetemeko la Hualien, simu nyingi za Taipei hazikupata tahadhari ya serikali, tahadhari ambayo hutangulia mtikisiko kwa sekunde chache tu. Watu walichukia, ikawa mjadala wa siku kadhaa, wahusika wakatoka hadharani kueleza kilichotokea. Watu wazima walikuwa wanadai sekunde zao. Nilikuwa nawasikiliza kantini nikakosa la kusema, mimi ambaye nimekulia mahali tunapokatiwa maji wiki nzima tunasema tumeshazoea. Neno hilo, tumeshazoea, nimelisema mwenyewe mara nyingi. Sasa nikilisikia linanichoma.

Ile Alhamisi, saa tatu usiku, kabla ya kwenda kazini nilimpigia mama. Kwake ilikuwa saa kumi jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

Nikamsimulia habari ya karatasi, bomba, na zile dakika arobaini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo tangu asubuhi mpaka jioni," akasema, "hukuwa unayasubiri?"

"Sikuwa nayasubiri, mama."

"Ulilala?"

"Nililala."

Akanyamaza kidogo. "Vizuri," akasema. Kisha akaniaga haraka, maana alikuwa amesikia ndoo kwa jirani.