Musilete wazazi Ulaya kwa ajili ya meno

Iko kitu naona sana kwa sisi wa diaspora na leo nakisema hata kama kuna watu watakasirika. Mama amezeeka, meno ya chini yametoka yote, watoto wanachanga pesa, visa inatafutwa, anafika Lyon ama Bruxelles ati huku ndio watamuwekea meno ya kweli. Anarudi Bukavu, kwetu mashariki ya Kongo, na dantie (meno ya bandia) inang'aa, picha zinapigwa, WhatsApp ya familia inajaa pongezi, kisha miezi kidogo tu unasikia mama anakula bugali na sambaza kwa ufizi kama zamani.

Si kwamba huku wanafanya vibaya. Naishi Ufaransa na kwa unafuu wa bei wametuzidi mbali, tangu Januari 2021 dantie ya rezini (plastiki ngumu) ya kuvaa na kuvua, ukiwa na sekirite sosiali (bima ya serikali) na mitweli nzuri (bima ya kuongezea), hulipi kitu, ni ule mpango wa 100% Santé. Ila mama wa visa ya miezi mitatu hayumo humo, bima yake ya safari ni ya dharura, fakitira yote inaangukia watoto. Implanti, zile skrubu za kuingizwa ndani ya mfupa wa taya, ndio usahau, haziko ndani ya mpango hata kwa mwenye karatasi zote.

Shida kubwa lakini ni muda. Kuvaa dantie ndio mwanzo wa kazi, inakwaruza, inatoa kidonda, unarudi dokta anasaga kidogo, unarudi tena. Na kama meno yaling'olewa juzi juzi, mfupa unaendelea kupungua kwa miezi, ile iliyokaza vizuri inalegea na lazima waiongeze rezini kwa ndani. Ya juu ina afadhali, inashika kwenye kaakaa. Ya chini ulimi unaisukuma, inayumba kama pirogi ziwani siku ya upepo, njo maana wataalamu waliokutana chuo kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walisema mtu asiye na jino hata moja chini apewe kwanza implanti mbili za kushikilia dantie. Sawa, lakini nani atazilipa ku Kadutu, mtaa wa Bukavu?

Alafu kuna hii ya heshima. Mama amekaa kwenye kiti, dokta anauliza kama inauma, binti anatafsiri, mama anajibu "asante sana dokta", na huku inamuchoma! Hawezi kumulalamikia mzungu aliyemupokea vizuri. Bukavu angemuambia dantisti kwa Mashi, luga yake, bila aibu, kwamba maindi ya kuchoma haiwezekani na hapa kushoto panaumiza. Watafiti wana dodoso linaitwa OHIP-14, maswali 14 kuhusu maumivu, kula, kutamka maneno, aibu mbele ya watu, na bei haimo hata mara moja. Mimi ningeongeza la 15: ikikuumiza, unarudi kwa nani?

Najua mutaniambia nyumbani madantisti ni wachache. Kweli, OMS (Shirika la Afya Duniani) ilihesabu 3.3 tu kwa watu 100,000 kanda ya Afrika kati ya 2014 na 2019, na umeme unakatika mashine ikiwa bado mudomoni. Na wako wanaoweka meno bila kusomea, hao muwakimbie. Lakini pesa ya tiketi peke yake inalipa dantisti muzuri wa mjini pamoja na kurudi kwake kote kwa mwaka. Mukubaliane naye mapema bei ya kurudi, si bei ya dantie tu. Na mumuachie kijana mmoja wa nyumbani kazi ya kuangalia: usiku inavuliwa, inalala ndani ya maji ya baridi (ya moto inaipinda), inasuguliwa na brosi laini na sabuni, kwa sababu kulala nayo kunaleta kuvu kwenye kaakaa.

Nanyi munaokuja likizo mwezi wa nane mukitaka meno ya haraka ya wiki mbili kwa sababu Bukavu ni bei rahisi, ni kosa lile lile limegeuzwa. Mukirudi huku na kidonda, mutafute kwanza dantisti atakayekubali kugusa kazi ya mwenzake.