King'ora cha kaboni monoksidi: ukimya wake ni ubovu au ni hesabu?

Lalamiko linaloongoza kuhusu ving'ora vya kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye vitu vinavyoungua, ni kwamba vinachelewa. Mtu anakisogeza kifaa kipya kando ya mkaa unaowaka, anasubiri dakika mbili, kimya. Anakirudisha kwenye boksi akiamini ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwingine ana kipimo cha mkononi kinachosoma sehemu 60 kwa milioni sebuleni, huku king'ora cha ukutani kimenyamaza kana kwamba hakihusiki. Ndipo ikajengeka hoja kwamba viwango vya kutengenezea ving'ora hivi vimelegezwa mno, na kwamba mwenye kuijali familia yake anunue kifaa cha viwango vya chini, kile kinacholia gesi ikifika 10 au 15. (Namba zote za gesi hapa ni sehemu kwa milioni.) Hoja ina uzito wake, na tutaufikia. Ila wengi wanaoirudia hawajajua kile cha ukutani kinapima nini hasa.

King'ora cha moshi kina swali moja: moshi upo au haupo. Cha kaboni monoksidi kina mawili, gesi kiasi gani na kwa muda gani, kwa kuwa gesi hii haiwashi macho wala koo. Madhara yake yanajengeka ndani ya damu. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, huishika kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo kila pumzi inaongeza juu ya kilichokwisha kuingia. Gesi ikiwa kidogo, damu huchukua saa kadhaa kufika pabaya. Ikiwa nyingi, ni dakika. Kifaa kinafuata mwendo huohuo. Kwa kiwango cha Marekani, UL 2034, kinatakiwa kulia kati ya dakika 60 na 240 hewa ikiwa na 70, kati ya dakika 10 na 50 ikiwa na 150, na kati ya dakika 4 na 15 ikiwa na 400. Kiwango cha Ulaya, EN 50291, kinabana zaidi: 50 kwa dakika 60 hadi 90, 100 kwa dakika 10 hadi 40, na 300 ndani ya dakika 3. Kwa hiyo yule aliyesubiri dakika mbili kando ya mkaa hakupima ubovu wa kifaa. Amepima subira yake.

Namba za Marekani zimepangwa ili mlio utangulie kabla gesi haijashika takriban asilimia 10 ya himoglobini ya mtu mzima mwenye afya. Asilimia hiyo inastahili kukaziwa macho. Asiyevuta sigara kwa kawaida ana chini ya asilimia 2 au 3. Mvutaji mzito anaweza kuwa na karibu asilimia 10 na akapanda ngazi zake kama kawaida. Kichwa huanza kuuma kati ya asilimia 10 na 20, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Maana yake king'ora kimetengenezwa kilie wakati watu wa ndani bado wanajiona wazima.

Na hapo ndipo kinapohukumiwa isivyo haki. Saa nane za usiku kifaa kinalia: milio minne ya haraka, kimya kifupi, minne tena. Watu wanaamka, wanatazamana, hakuna anayeumwa. Wanafungua dirisha, wanabonyeza kitufe cha kunyamazisha, gesi inapungua, kifaa kinatulia, na hukumu inatoka: kibovu hiki. Asubuhi betri iko kwenye droo. Ukidhani mlio na maumivu vinapaswa kuja pamoja, hatua zote hizo zina mantiki. Lakini king'ora kinachosubiri mtu augue hakina kazi, maana sumu hii huuvamia ubongo uleule unaotakiwa kuamua kutoka nje. Aliyechanganyikiwa hatafuti mlango. Anakaa kitini apumzike kidogo.

Kupitisha hewa halafu kurudi kulala kuna hasara nyingine: kunafuta ushahidi. Fundi akija baada ya saa mbili anakuta sifuri, naye anaondoka akiunga mkono hukumu ya ubovu. Kwa hiyo watu watoke kwanza, wahesabiwe nje, huduma ya dharura ipigiwe simu, na wa kwanza kurudi ndani awe mwenye kipimo. Kama kifaa kina kumbukumbu ya kiwango cha juu kilichofikiwa, namba hiyo isomwe na kuandikwa kabla ya kukianzisha upya. Hospitalini, oksimita ya kidoleni, kile kifaa cha kupimia oksijeni ya damu, isiaminiwe, kwani nyingi zinaisoma himoglobini iliyobeba kaboni monoksidi kana kwamba imebeba oksijeni, na kioo kinaonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliyezidiwa. Kipimo cha damu ndicho kinachoona, nacho kina haraka yake: katika hewa ya kawaida nusu ya gesi huondoka kwa saa 4 hadi 5, na mgonjwa akiwekewa oksijeni tupu, kwa saa moja hadi moja na nusu. Damu iliyochukuliwa jioni haisemi sana kuhusu yaliyotokea alfajiri.

Wanaotaka mlio wa mapema kwa kila nyumba wana historia inayowapinga. Jiji la Chicago liliagiza ving'ora majumbani mwaka 1994, wakati toleo la mwanzo la UL 2034 likiruhusu vifaa vinavyolia kwa gesi kidogo zaidi. Desemba ya mwaka huo hali ya hewa iliikandamiza hewa chafu ya jiji karibu na ardhi, na simu zaidi ya elfu moja zikamiminika zimamoto ndani ya siku moja. Vifaa havikusema uongo. Gesi ilikuwepo, kidogo, nayo ilitoka nje ya nyumba. Tatizo ni lile linalofuata: king'ora kilichopiga kelele za namna hiyo mara tatu hakirudishiwi betri. Marekebisho ya miaka iliyofuata, hadi ya 1998, yakaleta sharti kwamba kifaa kikae kimya kwenye 30 hata kwa siku 30 mfululizo.

Siku 30. Hapa wakosoaji wameshika penye mwiba, na hakuna sababu ya kuwazungusha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaweka ukomo wa karibu 30 kwa saa moja na karibu 9 kwa saa 8, na ule wa mwaka 2021 unataka wastani wa saa 24 usivuke miligramu 4 kwa mita ya ujazo, yaani kati ya 3 na 4. Nyumba yenye 25 usiku na mchana imevuka mipaka ya muda mrefu kwa mbali, na king'ora halali cha ukutani hakina la kusema. Himoglobini ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kuliko ya mama na huchelewa kuiachia. Mwenye mishipa ya moyo iliyobana huumwa kifua mapema zaidi akifanya kazi, kwa asilimia ambazo mwenzake mzima hazihisi kabisa. Isitoshe, vifaa vingi vya kiwango cha Marekani vyenye kioo huonyesha sifuri mpaka gesi ifike 30. Kuchelewesha mlio kunatetewa. Kuficha namba ni jambo jingine, na mnunuzi mwenye chaguo achukue modeli inayoonyesha kuanzia 10.

Kuna ukimya mwingine usiohusiana na viwango, nao ni mwingi kuliko inavyodhaniwa: kifaa kimekufa au kimewekwa pasipofaa. Kitufe cha majaribio katika modeli nyingi kinakagua betri, saketi na spika, si uwezo wa kihisi kunusa gesi. Kihisi chenyewe huchakaa ndani ya miaka 5 hadi 10, kitumike kisitumike. Tarehe ya mwisho imeandikwa mgongoni, upande unaogeukia ukuta, kwa hiyo iandikwe upya kwa kalamu ya wino mzito pembeni siku ya kufunga. Mlio mmoja mfupi kila dakika au pungufu ni betri au umri. Betri mpya ikishindwa kuunyamazisha, kifaa kizima kibadilishwe.

Mahali pake ni chumba chenye kinachowaka, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye chanzo kwa mlalo. Darini kiwe angalau sentimita 30 kutoka ukutani. Ukutani kiwe juu ya usawa wa milango na madirisha, lakini sentimita 15 au zaidi chini ya dari. Katika chumba cha kulala, kiwe usawa wa kichwa cha aliyelala. Ile imani kwamba gesi hii hutuama sakafuni haina msingi: ni nyepesi kidogo kuliko hewa na huchanganyika nayo, tena ikitoka motoni hupanda na joto. Nyuma ya pazia, ndani ya kabati, juu ya sinki lenye mvuke, kando ya feni au dirisha, kihisi hakipati hewa ya chumba. Pia kisikae na betri kubwa za asidi zinazochajiwa: hidrojeni inayotoka humo inaweza kukifanya kilie bila kaboni monoksidi yoyote.

Kifaa cha viwango vya chini basi kina nyumba zake: yenye mjamzito, mtoto mchanga, mgonjwa wa moyo. Kiwe cha pili, kile cha kawaida kibaki ukutani, na mwenye nacho ajue kukisoma. Ikipanda hadi 12 wakati wa kupika na kushuka nusu saa baadaye, ni jiko na hewa isiyozunguka vizuri. Ikisimama kwenye 12 alfajiri wakati hakuna kilichowashwa, ukaguzi uanzie kwenye jivu la jana, kwa kuwa mkaa uliofunikwa huendelea kutoa gesi kwa saa nyingi bila moshi, kisha gereji, kisha dohani ya jirani. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba gesi hii hupenya hata ubao wa jasi unaotumika kujengea kuta.