Nyumba ya Karen: tuanzie jikoni

Nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa karibu na Nairobi, inatazamana na Vilima vya Ngong; ilijengwa mwaka 1912 na Mswidi Åke Sjögren. Si kasri. Ni nyumba isiyo na orofa: kuta za mawe, paa la vigae, vyumba vipana na baraza ya kupungia upepo. Mawe hayana ugomvi na mtu. Kinachobishaniwa ni kama serikali huru ina haja ya kuyatunza.

Wanaopinga wana hoja, na kuna siku nami nilikuwa upande wao. Blixen alihamia humo 1917; kahawa ikamshinda, shamba likauzwa, naye akarudi Denmark 1931. Miaka kumi na minne tu. Shamba lilikaribia ekari 6,000, na Wakikuyu waliokuwa wakiishi humo waliitwa maskwota: wamfanyie mwenye shamba kazi ndipo waruhusiwe kulima vipande vyao. Kwa nini basi tupanguse vumbi kwenye viti vyake?

Watetezi hukimbilia pesa za watalii. Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo kama zawadi ya uhuru, na makumbusho yakafunguliwa 1986, mwaka mmoja baada ya Out of Africa, ile filamu ya Hollywood kuhusu maisha ya Blixen. (Filamu yenyewe haikupigwa humo ndani, ila wageni hawajali.) Hoja hiyo hainishtui. Kinachonishtua ni Muthaiga, mtaa wa Nairobi alikoishi Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya na mkusanyaji mkubwa wa sanaa za Afrika. Nyumba yake aliiuzia serikali akitumaini itahifadhiwa, ikabomolewa. Ikishabomolewa, huna hata mlango wa kuonyesha watoto ukawaambia, "Alipita hapa."

Ndiyo maana nasema ya Karen ibaki, lakini isisimuliwe kwa jina la bibi peke yake. Farah Aden, Msomali, ndiye aliyesimamia mambo yote ya nyumba. Kamante Gatura aliletwa akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa, akaja kuwa mpishi. Jiko lake liko nje, mbali kidogo na nyumba kubwa, na umbali huo unaueleza ukoloni kuliko bango lolote la ukutani.

Mimi mgeni ningempeleka jikoni kwanza. Atembee hatua alizotembea Kamante na chakula mkononi, ndipo aingie chumba cha kulia.