Bendi ya shule haifi kwa kukosa tarumbeta

Bajeti ya shule ya upili ikibanwa, bendi ndiyo hutajwa kwanza. Wanaotaka ivunjwe si watu wa kupuuzwa. Serikali ya Kenya hukadiria Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma ya kutwa, na walimu wakuu hawajaacha kulalamika kwamba fedha hizo huchelewa au huja pungufu. Kumwomba mzazi mchango wa tromboni ilhali maabara haina kemikali ni kutafuta ugomvi. Isitoshe, bendi hubeba wanafunzi wachache tu katika shule ya mamia.

Kuna lalamiko lingine ambalo watetezi hulikwepa. Bendi nyingi zimegeuzwa pambo la wageni. Mheshimiwa anatarajiwa saa tatu. Watoto wamepangwa juani tangu saa mbili na sare zao nzito. Yeye anateremka garini saa saba, anapungiwa, wanapiga nyimbo mbili zilezile za mwaka jana, basi. Asubuhi nzima ya masomo imekwenda. Mwalimu wa hisabati akinung'unika hapo, ana haki.

Hata hivyo, wanaoiita bendi anasa ya matajiri wameitazama vibaya. Shule ya Starehe, Nairobi, ilianzishwa 1959 na Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo kwa ajili ya wavulana wasio na makao, na bendi yake imekuwa sura ya kawaida katika hafla za umma. Kwa kijana asiye na mjomba ofisini, kusoma noti na kupiga ala ni ujuzi wa kutafutia kazi: jeshi, polisi na magereza wana bendi zao. Makanisa ya Jeshi la Wokovu nayo yamelea wapiga matarumbeta kwa vizazi.

Na kuna malezi ambayo sijayaona kwingine shuleni. Anayepiga ngoma kubwa hukaa kimya akihesabu mapigo moyoni, kisha anaingia mahali pake. Akikosea, wote wanasikia, na hakuna wa kumsingizia.

Kwangu mimi thamani haina utata. Tatizo ni mpangilio. Fungua stoo ya bendi iliyokufa uone: tarumbeta zipo, zimebonyea kidogo, vali moja imeganda, nyingine imefungwa mpira badala ya springi. Ngoma imepasuka ngozi. Hakuna kisichotengenezeka. Kilichokosekana ni mtu. Mwalimu aliyekuwa akiwafunza alihamishwa, mrithi akapewa ufunguo bila kujua kupuliza, na wale waliojua wakafanya mtihani wakaenda zao.

Bendi ya shule huishi kwa wakubwa kuwafunza wadogo. Katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, wenye miaka minne ya sekondari, hesabu ilikubali: Kidato cha Kwanza unajifunza kutoa sauti, cha Pili unapiga, cha Tatu unaongoza na kufunza, cha Nne unaachia mtihani. Mtaala mpya wa umilisi umekata mwaka mmoja: shule ya upili sasa ni Gredi ya 10 hadi ya 12. Zaidi ya hayo, 2025 hapakuwa na Kidato cha Kwanza kabisa, kwa kuwa watoto walikuwa bado Gredi ya 9. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Januari 2026, ikakuta Kidato cha Tatu na cha Nne, katikati hakuna mtu. Darasa la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2027. Mwaka huo walio Gredi ya 11, wenye mwaka mmoja tu wa mazoezi, ndio wanaopaswa kuwafunza wageni. Sijui ni shule ngapi zimelipigia hesabu hili.

Watasema mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, mmojawapo wa mikondo ya masomo katika mtaala mpya, utaziba pengo. Utasaidia, lakini si kila shule ina mkondo huo, na bendi iliyofungiwa ndani ya somo itawapoteza wanaochukua sayansi, ambao mara nyingi ndio uti wake. Heri ibaki ya shule nzima, yenye wakuu wake waliochaguliwa na daftari la kila ala: nani anayo, iliharibika lini. Watu wa beni, ngoma iliyoibuka pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kizungu, walijipangia vyeo wakajiendesha wenyewe, bila wizara.

La kubishaniwa zaidi ni hili: mafunzo lazima yaanze sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, na nyingi ya shule hizo hazina ala. Shule ya upili iliyo jirani ingeweza kuwakaribisha Jumamosi, Gredi ya 8 na ya 9, watumie tarumbeta ambazo siku hiyo zimelala stoo. Mwalimu mkuu atauliza nani atalipa ikiangushwa. Swali halali. Mimi ningependa ziangushwe zikitumika, na gharama ya fundi iandikwe mapema kwenye bajeti, pale palipotengwa pesa za sare mpya.